CHENGA KATIKA PICHA: SOMO JUU YA NAMBA YA ISO

Mhariri ameniomba niandike somo juu ya kamera ndogo ya shule yetu, maana wanachama wapya wa Klabu ya Sayansi hawajui kuitumia, na wazazi wengi huuliza kwa nini picha za ndani ya nyumba hazipendezi kama za nje. Nimekubali kwa furaha. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, kwa kuwa somo hili nililipata kwa aibu.

Mwaka 2022 nilikabidhiwa kamera hiyo nipige picha za mahafali ya Kidato cha Nne. Ni kamera ya dijiti ya kutia mfukoni. Sherehe ilipangwa kuanza saa nne asubuhi. Mvua ikanyesha, barabara ya kuingia Segese ikawa matope, mgeni wa heshima akachelewa. Vyeti vilitolewa ndani ya ukumbi saa kumi na mbili na nusu jioni, chini ya taa mbili tu. Mimi, mwalimu wa fizikia, sikubadili chochote katika kamera. Nilibonyeza tu, nikaridhika kusikia mlio wake.

Tulipozifungua picha zile katika kompyuta, nusu yake watu walikuwa wamevutika kama moshi. Nusu ya pili ilikuwa imejaa vijidoto vyekundu, vya buluu na vyeusi, kama picha iliyonyunyiziwa mchanga. Baada ya majuma mawili akaja mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka kijiji cha mbali, kuchukua picha aliyopigwa akimvika mwanawe shada la maua. Kijana yule alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kumaliza shule ya sekondari. Mama aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, huyu mwenye kilemba ndiye mimi?”

Sikuwa na jibu. Nilimrudishia fedha yake, lakini siku ile ya mwanawe sikuweza kumrudishia. Tangu hapo niliazimia kuijua kamera ile kama ninavyoijua chaki. Haya ndiyo niliyojifunza pamoja na wanafunzi wangu.

Chenga ni nini?

Vijidoto vile watu wetu huviita chenga, jina lile lile la vipande vya mchele uliovunjika. Jina hili ni zuri sana. Chenga si takataka iliyotoka nje ikaingia katika mchele, bali ni mchele wenyewe usiokuwa mzima. Vivyo hivyo chenga za picha si vumbi lililoingia katika lenzi. Ni picha yenyewe iliyokosa kutimia, na iliyoizuia isitimie ni upungufu wa mwanga.

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kibamba kidogo kinachoitwa kihisi. Kimegawanywa katika vyumba vidogo sana viitwavyo pikseli. Mwanga unapoingia katika pikseli hung’oa elektroni, na kamera huzihesabu. Pikseli yenye elektroni nyingi huandikwa nyeupe, yenye chache huandikwa nyeusi. Kwamba mwanga huja kwa vipande vinavyohesabika, viitwavyo fotoni, lilielezwa na Albert Einstein mwaka 1905, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Na kihisi cha kwanza cha namna hii kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith huko Marekani. Nao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Sasa fikiri juu ya mvua. Panga vikombe mia uwanjani manyunyu yanapoanza, kisha uviondoe upesi. Utaona kikombe kimoja kina matone matatu, jirani yake saba, mwingine hana hata moja, ingawa mvua ni ile ile. Lakini ukiviacha mpaka mvua kubwa imalizike, vyote vitakuwa na maji karibu sawasawa. Mwanga nao hunyesha hivyo hivyo. Ukiwa mwingi, pikseli zilizo jirani hupata karibu sawa, na ukuta mweupe huonekana mweupe kweli. Ukiwa mchache, hii hupata nyingi na ile hupata chache kwa bahati tu, na ukuta ule ule huonekana una madoadoa. Hizo ndizo chenga.

Hesabu yake ni nyepesi. Tofauti ya bahati hukaribia kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni zilizohesabiwa. Pikseli ikipokea 6,400, tofauti ni 80, yaani asilimia 1.25, na jicho halitaiona. Ikipokea 1,600, tofauti ni 40, yaani asilimia 2.5. Ikipokea 400, tofauti ni 20, yaani asilimia 5. Ikipokea 100 tu, tofauti ni 10, yaani asilimia 10 nzima, na hapo hata mtoto mdogo atasema picha imeharibika.

Namba ya ISO hufanya kazi gani?

Katika kamera mtaona namba zilizoandikwa ISO 100, 200, 400, 800, 1600, 3200. ISO ni jina la shirika la kimataifa la viwango lenye makao yake Geneva, Uswisi, lililoanzishwa mwaka 1947. Zamani za filamu, Wamarekani walipima wepesi wa filamu kupokea mwanga kwa namba zao, na Wajerumani kwa namba zao, na wapiga picha wakachanganyikiwa. Mwaka 1974 vipimo hivyo viliunganishwa chini ya jina la ISO, na mwaka 1998 kikatolewa kiwango cha kamera za dijiti.

Namba ikizidishwa mara mbili, kamera huhitaji nusu tu ya mwanga ili kutoa picha yenye weupe ule ule. Wengi wetu hudhani kwamba kihisi kimefumbua macho zaidi, kikakusanya mwanga zaidi. Sivyo. Kihisi ni kile kile, na mwanga ulioingia ni ule ule. Kilichoongezeka ni kukuza tu, baada ya mwanga kwisha kupokewa.

Sisi wa huku kwenye dhahabu twaweza kulielewa jambo hili upesi. Mchimbaji mdogo akipata chembe ya dhahabu, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, chembe itaonekana kubwa. Lakini akienda kwa mnunuzi, mizani itasema uzito ule ule. ISO ni kioo cha kukuzia. Mwanga ndio dhahabu. Au tazama redio: ukitafuta stesheni ya mbali na kuongeza sauti, msemaji husikika zaidi, na mkoromo nao husikika zaidi.

Labda msomaji atauliza, “Basi ISO kubwa ndiyo inayoleta chenga?” Nami nilidhani hivyo, mpaka tulipojaribu. Tulipiga picha mbili mahali pamoja kwa muda ule ule wa kilango, ya kwanza kwa ISO 1600 na ya pili kwa ISO 100. Ya pili ilitoka nyeusi. Tukaiongezea weupe katika kompyuta mpaka ikafanana na ya kwanza. Je, ilikuwa safi? La! Chenga zake zilikuwa nyingi kuliko za ile ya kwanza. Tangu siku ile huwaambia wanafunzi: namba kubwa si mama wa chenga. Mama wa chenga ni uhaba wa mwanga.

Kwa nini kamera ndogo huzidiwa?

Kihisi cha kamera nyingi za mfukoni kina upana wa milimita 6.2 na urefu wa milimita 4.6 hivi, hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Kihisi cha kamera kubwa za kazi kina milimita 36 kwa 24. Pigeni hesabu ya eneo: la kwanza ni kama milimita za mraba 28, la pili ni 864. Kile kikubwa kina eneo mara 30 ya kile kidogo. Karai kubwa hukinga mvua zaidi kuliko kikombe.

Tena watengenezaji hukigawanya kile kidogo katika pikseli milioni 16 au zaidi. Kila moja huwa na upana wa maikromita 1.3 tu. Unywele wa mtu una maikromita 70 hivi, maana yake pikseli zaidi ya 50 zingeweza kupangwa katika upana wa unywele mmoja. Kwa hiyo msidanganywe dukani na wingi wa pikseli peke yake.

Kuna na chenga nyingine ndogo. Baadhi hutoka katika mitambo ya kamera yenyewe inapohesabu elektroni. Nyingine hutoka katika joto, kwa maana joto nalo hung’oa elektroni bila mwanga wowote, hasa kilango kikiwa wazi kwa muda mrefu. Msiiache kamera juani juu ya pikipiki, kisha mkataka iwapigie picha safi za usiku.

Jaribio la darasani

Jioni moja tuliiweka kamera juu ya mfuko wa mchanga ili isitikisike. Mbele yake tulimketisha mwanafunzi mmoja, tukamfunika kitenge chenye nukta ndogo na kumpa kitabu. Tukapiga picha sita kwa mwanga ule ule. Kwa ISO 100 kilango kilikaa wazi sekunde 1 nzima. Kwa 200, nusu ya sekunde. Kwa 400, robo. Kwa 800, sehemu moja ya 8. Kwa 1600, sehemu moja ya 15. Kwa 3200, sehemu moja ya 30.

Matokeo yalikuwa hivi. Kwa ISO 100 ukuta ulikuwa safi kabisa, lakini uso wa mwanafunzi ulikuwa ukungu, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kutulia kama gogo kwa sekunde nzima. Kwa ISO 400 uso ulianza kutambulika. Kwa 800 na 1600 macho yalionekana vizuri, na chenga zilikuwapo bila kuudhi. Kwa 3200 uso ulitulia kabisa, lakini nukta za kitenge zilikuwa zimepotea.

Nukta zilikwenda wapi? Kamera ndogo, ikiona chenga nyingi, huzipepeta yenyewe kabla ya kuihifadhi picha. Lakini kila aliyewahi kushika ungo anajua kwamba ukipepeta kwa nguvu mno, punje nzima nazo huruka pamoja na chenga. Nukta za kitenge, nyuzi za kofia, mikunjo ya uso wa mzee, vyote hupepetwa, na mtu hubaki laini kama sanamu ya nta.

Hapo tukaona jambo kubwa la pili. Picha yenye chenga yaweza kuvumilika, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Chenga hupungua picha ikichapwa ndogo, ukungu haufutiki. Kwa hiyo msiogope kupandisha ISO mahali ambapo hapana njia nyingine. Laiti ningalijua hivyo mwaka 2022, mama yule angaliutambua uso wake.

Shati jeupe na uso mweusi

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa jambo hili latuhusu sana, wala halielezwi vya kutosha katika vitabu vidogo vinavyokuja na kamera. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, ikajaribu kuifanya iwe ya wastani. Wanafunzi wetu huvaa mashati meupe, na nyuma yao mara nyingi pana ukuta uliopakwa chokaa. Kamera huona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Shati hutoka vizuri, uso hutoka giza.

Kisha mtu hupeleka picha kwenye kompyuta akaung’arisha uso. Kumbukeni hesabu yetu: uso ulio giza ulipokea fotoni chache. Ikiwa shati lilipata 400, na uso ukapata 25 tu, tofauti ya bahati ni 5, yaani asilimia 20! Ndiyo maana chenga hujazana usoni, mahali hasa tunapopenda kutazama. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kiongezeni mpaka +1 kabla ya kupiga. Shati likipoteza mikunjo kidogo si neno. Picha tunaipiga kwa ajili ya mtu.

Mfano wa Serengeti

Jambo hili la mwanga si la shule yetu peke yake. Kuanzia mwaka 2010, katika Hifadhi ya Serengeti, watafiti wakiongozwa na Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera ndogo 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Hazikuwa na mpiga picha. Mnyama akipita, kamera hujipiga yenyewe, mchana na usiku. Kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimekusanya mafungu ya picha milioni 1.2, nayo yakawasaidia kujua wanyama wa aina 40 hukaa wapi na hutembea saa ngapi.

Je, usiku walifanyaje? Fisi hawezi kuambiwa atulie. Kamera zile zilikuwa na taa yake ya kumulika. Hawakutegemea kukuza peke yake. Walipeleka mwanga kwa mnyama. Na simu nyingi za siku hizi, ambazo zina vihisi vidogo, hupiga picha kadhaa za haraka usiku na kuzijumlisha kuwa moja. Hiyo nayo ni njia ya kuongeza idadi ya fotoni, kama kukinga mvua kwa vikombe vingi na kumimina katika ndoo moja.

Mambo ya kushika

1. Kwanza tafuta mwanga, kisha shika namba. Msogeze mtu dirishani, mlangoni au barazani. Jua la mchana hutoa mwanga mara mia kadhaa au hata elfu kuliko taa za chumbani, ingawa jicho hutudanganya kwa kuzoea giza.

2. Nje mchana, tumia ISO 100 au 200. Kivulini au barazani, 400. Ndani, 800 mpaka 1600. Zaidi ya hapo, kwa dharura tu. Na ukimaliza, irudishe namba chini, usije ukapiga picha za kesho asubuhi kwa namba ya jana usiku.

3. Kitu kisichotembea, kama kitabu au kikombe cha ushindi, kiwekee kamera juu ya meza na utumie ISO 100. Mtu aliyesimama ahitaji kilango cha sehemu moja ya 60 ya sekunde hivi; anayetembea, 125 au zaidi.

4. Ndani ya nyumba usivute lenzi; sogea kwa miguu yako. Katika kamera nyingi ndogo, lenzi ikivutwa mpaka mwisho, huingiza kama robo tu ya mwanga iliokuwa ikiingiza.

5. Taa ya kamera haifiki mbali. Ukisimama mara mbili ya umbali, mtu hupata robo tu ya mwanga wake. Zaidi ya mita 3 au 4 usiitegemee.

Mahafali ya mwaka 2024

Mwaka 2024 mvua ilinyesha tena siku ya mahafali, na mgeni akachelewa tena. Safari hii kamera ilishikwa na msichana wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa klabu yetu. Aliniambia, “Mwalimu, naomba tuihamishe meza ya vyeti barazani kabla giza halijaingia.” Mkuu wa Shule alikubali. Akaweka ISO 400 na +1, akawapanga wazazi waelekee uwanjani kwenye mwanga.

Miongoni mwa wahitimu alikuwamo binti wa mama yule wa kilemba. Mama alipokuja kuchukua picha yake, niliisubiri hukumu kama mwanafunzi anavyosubiri matokeo. Aliitazama, hakuuliza neno. Akaifunga katika pindo la kanga yake, akasema, “Asante, Mwalimu,” akaenda zake.

Maswali ya kujipima

1. Pikseli ilipokea fotoni 2,500. Tofauti ya bahati ni ngapi, nayo ni asilimia ngapi?

2. Kwa ISO 200 kilango kilikaa wazi nusu ya sekunde. Mwanga usipobadilika, kitakaa muda gani kwa ISO 1600?

3. Chora miraba 100 katika ubao, kisha mwaga choroko 400 juu yake bila kuchagua. Hesabu choroko za kila mraba. Je, zote zina nne nne? Rudia kwa choroko 1,600, ulinganishe. Eleza jaribio hili lahusianaje na chenga za picha.

4. Rafiki yako asema, “Nikipandisha ISO, kamera yangu hupata mwanga zaidi.” Mjibu kwa adabu.

Majibu yatatolewa katika toleo lijalo. Nawatakieni likizo njema, na picha zenye nyuso zinazotambulika.

Mwalimu wa Fizikia